Siku Osmund Alipoacha Utani

Mtu aliyefika kwa mara ya kwanza kwenye gereji ya Osmund Haule, kule Mshangano, aliliona jiwe kabla hajamwona mwenyewe. Lilikuwa jiwe la kawaida, ukubwa wa nusu tofali, limepakwa chokaa upande mmoja ili lisipotee. Osmund alipoegesha gari, iwe kwenye mteremko au kwenye uwanja uliolala kama meza, alivuta breki ya mkono, akaingiza gia, akashuka, akalichukua jiwe lake na kuliweka nyuma ya tairi. Ndipo alipogeuka na kusalimia watu. Wateja wapya walicheka. Wateja wa zamani walinyamaza na kusubiri jiwe likae mahali pake, kwa kuwa walijua kwamba kabla ya hapo hakuna neno lingemwingia.

Jiwe hilo lilikuwa na historia yake. Kabla lami haijafika Songea, Osmund alikuwa dereva wa lori la chama cha ushirika. Alipeleka mahindi na tumbaku Makambako, akarudi na mbolea na chumvi, na njiani ilikuwapo milima ya Lukumburu. Miaka ile ya uhaba mafuta ya breki hayakuonekana madukani kama ambavyo sukari na sabuni havikuonekana, na sabuni ikipatikana, madereva waliichemsha na kuimimina kwenye breki. Maji ya sabuni yalishika mara mbili tatu, kisha yakachemka, na kanyagio likazama mpaka sakafuni kana kwamba mguu umekanyaga uji. Utingo aliruka chini na jiwe mkononi, akakimbia sambamba na gurudumu. Osmund hakuwahi kuangusha lori, lakini aliyaona malori ya wenzake bondeni, matairi juu, na mahindi yamemwagika hadi mtoni. Akajifunza kushuka milima kwa gia peke yake. Breki aliiweka kama watu wanavyoweka akiba ya njaa: ipo, lakini haiguswi.

Ushirika ulipopunguza wafanyakazi, naye alipunguzwa. Akarudi Mshangano kwa mke wake Notburga na mtoto wao Noela, akajenga banda la mabati kando ya shamba lao, akaanza kutengeneza magari ya watu. Alikuwa amevuka umri wa miaka hamsini, mrefu, mwembamba, mwenye kutembea ameinamisha kichwa upande mmoja kama anayesikiliza mlio fulani. Ukutani alitundika rafu ndefu ya chupa. Mtu aliyeishi miaka ya uhaba hatupi chupa. Chupa ya pombe kali ilikuwa na asidi ya betri, chupa ya sharubati ilikuwa na mafuta ya taa, kopo la asali lilijaa grisi, na ile chupa nyeupe iliyoandikwa mafuta ya breki ilikuwa, kwa miaka mingi, na oili nyepesi ya cherehani ya Notburga. Katika gereji ile hakuna aliyesoma lebo. Lebo ilikuwa habari ya zamani. Kilichokuwamo ndani ulipaswa kukijua wewe mwenyewe.

Mtu aliyesoma lebo alikuja mwaka 1994, na jina lake lilikuwa Daimu.

Daimu alikuwa Myao wa Tunduru, mnene, mchangamfu, mfanyabiashara wa korosho. Watu binafsi waliporuhusiwa kununua korosho, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kupeleka lori vijijini, na baada ya misimu michache alijenga nyumba Ruhuwiko na kuhamia Songea na mkewe Zabibu. Tangu utotoni alikuwa na tamaa moja. Dukani kwa baba yake kulitundikwa kalenda yenye picha ya Datsun 240Z, gari la mashindano, pua ndefu, milango miwili, linaruka tuta huku vumbi limesimama nyuma yake kama mkia. Mwaka wa kalenda uliisha, baba akataka kuitoa, mtoto akalia mpaka ikaachwa.

Sasa alikuwa mtu mzima, na katika ghala la shamba moja la tumbaku alikuta gari lile lile hasa, limefunikwa magunia, limeachwa na Mgiriki aliyeondoka zamani. Alilinunua siku hiyo hiyo, akalifikisha Mshangano likivutwa na trekta.

"Mngoni," alisema aliposhuka, "babu zako walikuja hapa kwa miguu toka kusini huko. Magari wewe umeyajulia wapi?"

Osmund aliweka jiwe lake kwanza. "Walitembea kwa miguu," alijibu, "kwa sababu kila walipopita walimkuta Myao anauza viatu vya mguu mmoja."

Daimu alicheka mpaka akashika boneti. Kwa hiyo wakawa watani, kama makabila yao yalivyokuwa watani tangu zamani. Mtani hamwamkii mtani wake kwa heshima. Humtukana, humpora kofia kichwani, humwambia ana sura ya maiti, na aliyetukanwa hana ruhusa ya kukasirika. Daimu, aliyekuwa mdogo kwa umri, hakumpa Osmund shikamoo hata siku moja, na Osmund hakuitaka. Kila asubuhi ilianza hivi:

"Bado hujafa, Myao?"

"Nangoja wewe utangulie, ukanishikie nafasi."

Datsun iliposafishwa ilionekana nyekundu. Ilinuka tumbaku, na ilioshwa mara nyingi sana bila harufu hiyo kutoka. Osmund alifungua injini, akasafisha kabureta zote mbili, akabadilisha plagi na mikanda, akaiwasha. Ilipounguruma, majirani walitoka mashambani na majembe begani kuja kutazama. Kazi ingeweza kuishia hapo, gari likawa pambo la kuendea harusi. Lakini Daimu alikuwa na habari nyingine. Chama cha wapenda magari cha mikoa ya nyanda za juu kilikuwa kimeandaa siku ya mbio, ya kwanza kabisa, kwenye kiwanja cha ndege kilichoachwa cha shamba la chai, mbele ya Njombe. Kila gari litakimbia peke yake huku likipimwa kwa saa. Utashuka na kiwanja chote kwa mwendo wote ulionao, na mwishoni utakata kona kali ya kushoto iliyowekewa mapipa ya mchanga, kisha utarudi.

"Na nyuma ya mapipa kuna nini?" aliuliza Osmund.

"Mfereji. Na miti ya miwati."

"Mfereji wa kina gani?"

"Mtani, mimi nakwenda kukimbia. Siendi kuchimba."

Tangu hapo Osmund hakuwa na raha. Wasiwasi ulimwingia kama baridi ya Julai inavyoingia Songea, taratibu, chini ya mlango. Maisha yake yote alikuwa ameyapandisha magari juu, akiongeza springi ili matumbo yake yasiguse matope. Hili lilitaka kukaa chini. Maisha yake yote aliwafundisha madereva kutoiamini breki. Katika mbio hizi, mtu alipaswa kuikimbilia kona kwa kasi ya wazimu kwa sababu moja tu: kwamba anaiamini breki. Osmund alianza kuacha ugali nusu. Alifungua breki zote za Datsun, mbele na nyuma, akazisugua silinda zake mpaka zikang'aa kama kijiko, akavalisha raba mpya ambazo Daimu alizipata mjini, akajaza mafuta halisi kutoka kwenye kopo jipya lililofungwa, akatoa upepo uliobaki ndani ya mabomba. Kisha akarudia kutoa upepo. Kesho yake akarudia tena.

"Utaimaliza kwa kuipapasa," Daimu alimwambia. "Hata mke hapapaswi hivyo."

Siku moja Osmund alikwenda mazishini Peramiho, akaacha banda wazi kama kawaida. Daimu alipita kulitazama gari lake. Alifungua boneti, akaona mafuta katika vikopo viwili vya breki yameshuka kidogo chini ya alama, akatazama rafuni, akasoma lebo. Alikuwa mtu wa nyakati mpya, nyakati za maduka yaliyojaa, ambako kilichoandikwa kwenye chupa ndicho kilichomo. Akajaza vikopo vyote viwili hadi juu, akafunga, akaifuta mikono yake kwa kuridhika. Jioni alimwambia Osmund, "Nimekusaidia kazi, nimeongeza mafuta ya breki," na Osmund, akilikumbuka kopo jipya lililokuwa juu ya meza, hakuuliza zaidi.

Wakaijaribu kwenye mteremko unaoelekea bondeni. Breki ilishika vizuri ajabu. Gari lilisimama pale pale, na Daimu akampiga Osmund bega.

Siku kadhaa zilipita. Notburga alikuja gerejini na kitambaa cha sare za shule mkononi, cherehani yake ikilia kwa ukavu. Alinyoosha mkono rafuni, akaitikisa chupa nyeupe.

"Baba Noela, nani amemaliza oili ya cherehani yangu?"

Osmund alikuwa chini ya pikapu ya mtu. Alitoka taratibu. Alimtazama mkewe, akaitazama chupa, akaitazama Datsun. Alikwenda kufungua boneti, akafungua kifuniko cha kikopo cha kwanza, akainama. Mafuta yalikuwa yamejitenga matabaka mawili, la juu jepesi likielea kama mafuta juu ya mchuzi. Raba ndogo ya ndani ya kifuniko, ambayo ilipaswa kuwa ngumu na tambarare, ilikuwa imevimba na kulegea kama andazi. Osmund aliibonyeza kwa kidole, na kidole kikaingia.

Alijua maana yake. Oili ya mashine huila raba ya breki. Haiili siku ile ile, ndiyo hila yake. Huivimbisha polepole, na mwanzoni breki hushika hata zaidi ya kawaida, kwa sababu raba imejaa. Kisha hung'ang'ania, gurudumu haliachiwi, breki huchemka, na siku moja raba hupasuka. Alipandisha gari kwenye jeki, akalizungusha gurudumu la nyuma kwa mkono. Lilizunguka kidogo, likasimama. Halikutaka.

Daimu alipofika, Osmund alimweleza yote. Alimwonyesha andazi la raba kwenye kiganja.

"Mafuta ni mafuta," alisema Daimu. "Juzi juzi umeona mwenyewe lilivyosimama mteremkoni."

"Raba zote zimeharibika. Mtani, gari hili litakuua."

"Likiniua utanizika wewe. Si ndiyo kazi ya watani? Uje mapema, maana najua utakula wali wote."

"Nasema kweli."

"Na mimi nasema kweli, mkeo aje na sufuria." Akaingia garini, akaliwasha, akalikimbiza hadi kwenye mwembe wa jirani, akakanyaga breki. Lilisimama. Akatoa kichwa dirishani. "Umeliona hilo, Mngoni? Wasiwasi wako ni wa pombe. Kunywa maji."

Osmund alijaribu mara ya pili, na ya tatu, kwa maneno makali zaidi. Kila alipoongeza ukali, Daimu alizidi kufurahi, kwa kuwa utani mkali ndio utani mtamu. Mwishowe, Daimu alipokuwa akizungumza na watu nje, Osmund alifanya jambo ambalo dereva yeyote wa zamani angelifanya. Alifungua kifuniko cha disitribyuta, akachomoa rota, kile kipande kidogo kinachogawa moto kwenye plagi, akakitia mfuko wa shati pamoja na rozari yake. Enzi za ushirika, ukichomoa rota ya lori, lori limelala. Linaweza kulala masika nzima, mpaka nyasi ziote kwenye matairi yake. Osmund alivuta pumzi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Kesho yake Daimu aliwasili na kijisanduku kinachong'aa.

"Umenipora rota, mtani," alisema kwa furaha. "Halali yako, sidai. Nimenunua nyingine pale Majengo. Wanazo debe zima." Akaivalisha mwenyewe, akawasha gari, akaondoka nalo kwenda kuwaonyesha wenzake, vumbi likisimama nyuma yake kama mkia.

Osmund alibaki amesimama na jiwe mkononi. Zamani hofu ya watu ilikuwa kukosa. Hakuwahi kufikiri kwamba ingekuja siku ambapo hofu ingekuwa kupata, na kupata upesi namna ile.

Mchana huo hakula kabisa. Notburga alikifunika chakula, akaketi mkabala naye.

"Siku ya mbio iko karibu," Osmund alisema. "Nimemwambia. Nimemwambia mpaka nimechoka."

"Umemwambiaje?"

"Kwamba atakufa."

"Na ulianza lini kumwambia kwamba atakufa?"

Osmund alifikiri. "Tangu alipoanza kuja hapa."

"Haya. Kila siku asubuhi unamwambia atakufa, naye anacheka. Leo atajuaje kwamba leo ndiyo leo?"

Osmund aliinuka. Kisha akaenda kwenye sanduku, akatoa koti lake la Jumapili.

Walikwenda wote wawili, kwa miguu, hadi Ruhuwiko, alasiri, wakati Daimu alikuwa ametoka msikitini. Osmund alipiga hodi mlangoni kama mgeni. Kwa kawaida alizoea kuingia kupitia uani huku akiuliza kama Wayao wamekwisha maliza korosho zao wameanza kula maganda. Zabibu alifungua, akamwona amevaa koti, akampa shikamoo kwa sauti ya chini, na kumpa Notburga shikamoo yake pia. Wakakaribishwa sebuleni.

Daimu alitokea akiwa na kanzu, amefurahi. "Alaa, Mngoni kavaa koti. Limeibwa kwa padri gani?"

"Habari za hapa, Bwana Daimu," alisema Osmund.

"Nzuri. Koti la nani?"

"La kwangu. Nimekuja kuzungumza nawe, Bwana Daimu, kama una nafasi."

Daimu alitabasamu, akangoja tusi. Tusi halikuja. Akaongeza moja lake, kuhusu vidole vya Osmund kuwa vyeusi kuliko moyo wake, akalitupa kama mtu anavyotupia mwenzake mpira. Osmund hakuudaka. Aliketi wima na mikono juu ya magoti, akamtazama. Tabasamu la Daimu lilibaki usoni peke yake, halijui pa kwenda.

"Mbona hunitukani?" aliuliza.

Zabibu ndiye aliyeelewa kwanza. Aliweka chini sinia ya chai. "Baba Noela hana utani leo," alisema. "Kaa, msikilize."

Daimu akakaa.

Osmund alisema polepole, kama anayeshuka mlima kwa gia ya kwanza. Alieleza juu ya chupa na kwa nini lebo ilidanganya, na akasema kosa la chupa ni la gereji yake, si la Daimu. Alieleza raba inavyovimba na kwa nini gari lilisimama vizuri jana na siku ile mteremkoni. Alieleza habari za Lukumburu, jambo ambalo hakuwahi kulizungumza mbele ya Daimu hata mara moja: sauti ya kanyagio linapozama, na jinsi mtu anavyolikanyaga tena na tena hata baada ya kujua kwamba hakuna kitu. Alipomaliza, aliitoa rota ya zamani mfukoni, akaiweka juu ya kitambaa cha meza.

"Hii ni yako. Nilikosea kuichukua. Gari ni lako na sitalificha tena. Ukitaka kwenda nalo hivi lilivyo, nenda. Mimi nimekuja kukwambia, bila utani, kwamba ukifika kwenye ile kona halitasimama. Na wewe una watu wanaokutegemea, na mimi ni mmoja wa watakaolia."

Daimu aliitazama rota, kisha mkewe. Jasho lilimtoka juu ya mdomo.

"Ningejuaje?" alisema mwishowe. "Wewe kila siku unasema nitakufa."

"Ndiyo sababu nimevaa koti," alisema Osmund.

Asubuhi iliyofuata, Daimu alifika gerejini mapema kuliko kawaida. Alisimama mlangoni. "Shikamoo," alisema.

"Marahaba," alijibu Osmund.

Wote wawili waliona haya, kama watu waliokutana wamevaa nguo za msiba. Lakini kazi ilikuwapo. Walikwenda posta kupiga simu Dar es Salaam kwa Abasi, mdogo wake Daimu, wakamtuma atafute raba za breki za gari lile na mipira yake ya kupitishia mafuta. Osmund alishika mkono wa simu kwa nguvu kana kwamba ni usukani. "Mwanangu, usinitafutie sanduku zuri," alisema. "Sanduku zuri hata hapa lipo. Nitafutie raba nzuri. Ibonyeze kwa ukucha. Ikibaki na alama, waachie wenyewe."

Wakati wakisubiri, Osmund alilifungua gari upya. Raba zilitoka zimevimba, nyingine zikikataa kutoka, akazichokoa vipande vipande. Daimu, mikono ya shati imekunjwa, alizitazama zikirundikana kwenye karai. Aliokota moja na kuibonyeza, na kidole chake kikaingia. Aliirudisha polepole. Waliosha kila bomba kwa spiriti, wakapuliza kwa pampu ya baiskeli, wakaosha tena. Chupa nyeupe Osmund aliibandua lebo kwa kisu. Kisha alikwenda kwa kila chupa rafuni akafanya hivyo hivyo.

Basi la Dar lilichelewa. Liliharibikia njiani, wakasikia, upande wa Makambako. Daimu alizunguka stendi mchana kutwa akiuliza kila dereva aliyeingia, na mara mbili alikwenda gerejini kumwambia Osmund kwamba hakuna habari. Siku ya mbio ilizidi kukaribia. Osmund aligundua kwamba sasa alikuwa na hofu ya namna mbili: kwamba raba hazitafika, na kwamba zitafika.

Zilifika, zimefungwa kwenye khanga na mkewe Abasi. Osmund hakuzivalisha. Alichukua moja ya ziada, akaichovya kwenye kikombe cha mafuta mapya ya breki, akakifunika kwa sahani, akakataza mtu kukigusa. Daimu alikitazama kikombe hicho kama watu wanavyotazama mlango wa chumba cha kujifungulia. Kesho yake Osmund aliitoa, akaifuta, akaiweka sambamba na mwenzake ambayo haikuchovywa. Akazipima kwa silinda. Akazibonyeza kwa ukucha, zote mbili, akifumba macho.

"Sawa?" aliuliza Daimu.

"Mpaka hapa."

Walivalisha raba, wakatoa upepo, wakajaribu mteremkoni kwa mwendo mdogo, kisha wa kati, kisha kwa mwendo ambao ulimfanya Notburga aingie ndani na kufunga mlango. Gurudumu la nyuma lilizunguka kwa kidole kimoja. Walilipandisha gari juu ya lori la korosho kutoka kwenye kichuguu kilichochongwa, na Osmund akaweka jiwe kwenye kila tairi, jiwe jeupe likiwa la mwisho.

Kiwanjani, mbele ya Njombe, upepo ulikuwa mkali na watu walikuwa wamejifunga mablanketi. Magari yalipangwa foleni, mengine mazuri sana, na wenyewe walivaa makoti ya ngozi. Osmund alitembea peke yake kiwanja chote hadi kwenye kona. Aliyatazama mapipa. Aliutazama mfereji, akashuka ndani yake, ukamfika kifuani. Akapanda, akarudi, akafungua boneti, akatazama mafuta ya breki. Tabaka moja, safi. Akafunga. Baada ya muda mfupi akafungua tena.

Walibaki wawili mbele yao, kisha mmoja. Daimu alikuwa ndani, amevaa kofia ngumu ya pikipiki iliyombana mashavu, na harufu ya tumbaku ilitoka dirishani pamoja na pumzi zake.

"Utaikanyaga mara ngapi kabla ya kona?" Osmund aliuliza.

"Mara mbili kidogo, moja kwa nguvu."

"Na ikizama?"

"Gia. Ya tatu, ya pili. Sikati kona, naelekea kulia kwenye nyasi." Daimu akaikaza kofia. "Mzee Osmund."

"Naam."

"Tangu siku ile hujanitukana. Naona kama bado umevaa lile koti. Nitukane kidogo, nisiondoke hivi."

Osmund aliweka mkono juu ya paa la gari. Maneno yalikuwapo, alikuwa ameyatunga njia nzima toka Songea, juu ya kofia ile na kichwa kilichomo ndani yake.

"Ukisimama pale kwenye mapipa," alisema, "nitakutukana wewe na ukoo wako mpaka wanaotambaa."

"Inshallah."

"Lakini usimame kwanza."

Akaondoa jiwe lake nyuma ya tairi, akaondoka nalo kwa hatua ndefu kwenda kwenye kona, ng'ambo ya mapipa, mahali ambapo mtu angeweza kusikia vizuri. Gari la mbele lilirudi. Kule mwisho wa kiwanja Datsun nyekundu ilisogea hadi kwenye mstari, ndogo kama kwenye kalenda, na mtu mwenye bendera akanyanyua mkono. Osmund aliinamisha kichwa upande mmoja. Tusi lilikuwa tayari mdomoni, na jiwe lilikuwa tayari mkononi, na injini ikaanza kupanda sauti.